KIU YA MAHINDI

Mkulima apitaye shambani mwake saa nane mchana, jua likiwaka, huyakuta mahindi yamekunja majani, akadhani msimu umekwisha. Akirudi alfajiri huyaona majani yamekunjuka, na nchani mwake matone ya maji yaning'inia. Wengi wetu twasema ni umande. Lakini matone yale ya nchani aghalabu yametoka ndani ya mmea wenyewe. Yalifikaje huko?

Ndani ya mzizi mna mirija myembamba ipandishayo maji hadi majanini. Mchana jua hukausha majani, nayo majani huyavuta maji kutoka chini. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walieleza kuwa maji hayo hushikamana mfano wa kamba moja iliyokazwa. Lakini kamba ikikazwa kupita kiasi hukatika. Udongo ukikauka, hewa huingia mrijani, na mrija huo huwa mtupu, usipitishe maji tena. Mwaka 1966 John Milburn na mwenzake walitega chombo cha kusikilizia kwenye majani ya mbarika yaliyokuwa yakinyauka, wakasikia milio midogo ya kukatika huko.

Usiku ndipo mmea ujitibupo. Jua likizama majani huacha kuvuta, lakini mizizi huendelea kukusanya chumvi za udongoni. Maji huzifuata chumvi hizo na kusukumwa juu. Stephen Hales wa Uingereza aliipima nguvu hiyo kwa mzabibu uliokatwa, akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1727. Nguvu hiyo huibana hewa iliyo mirijani hata ikayeyuka majini, na mrija ukajaa tena. Maji yaliyozidi ndiyo yale matone ya alfajiri.

Mwaka 1998 Margaret McCully na wenzake waliigandisha mizizi ya mahindi yaliyokuwa shambani, wakasema mirija huwa mitupu na kujaa tena kila siku. Wataalamu wengine wakauliza kama kule kugandisha hakukuyakatisha maji. Ubishi ungali juu ya mambo ya mchana. Ama kazi ya usiku, matone yaishuhudia.

Basi tujifunze nini? Mahindi yakijikunja adhuhuri na kukunjuka alfajiri, tusikate tamaa. Lakini yakikutwa yamejikunja hata alfajiri, tujue kuwa udongo umeishiwa, kwani mzizi hauwezi kusukuma maji usiyoyapata. Kwa hiyo yatupasa tupalilie mapema ili magugu yasinyang'anye maji, tufunike udongo kwa majani makavu, na tuchimbe makinga maji mvua isiteremke bondeni bure.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Muhindi huziba ufa wake kila usiku. Sisi wenye mikono tusishindwe kuusaidia.