MLANGO UNA KAZI MBILI

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia mlango. Huenda mtu akauliza: mlango na afya vinahusiana wapi? Vinahusiana sana. Moto unapotokea usiku, mara nyingi mlango ndio unaoamua nani atapona na nani hataonekana asubuhi. Mlango una kazi mbili: kumtoa mtu na kuzuia moshi. Ukishindwa mojawapo, watu hufa.

Ni kweli kwamba hapa Kisiba hatuna maghorofa ya kupanga. Nyumba zetu ni za matofali na bati, kati ya migomba. Lakini watoto wetu wanalala kwenye mabweni ya shule, wengine wamepanga vyumba Mbeya na Dar es Salaam, na wengine wamevuka mpaka wa Kasumulu kwenda kutafuta maisha hadi Afrika Kusini. Kwa hiyo jambo hili ni la kila familia.

MOSHI HUTANGULIA

Watu wengi hudhani kwamba anayekufa kwa moto ameunguzwa na ndimi za moto. Mara nyingi sivyo. Moshi humfikia kwanza. Ndani ya moshi mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, huchanganyikiwa, kisha huzimia. Aliyelala hupita moja kwa moja kutoka usingizini hadi kifo, bila hata kuamka na kuita.

Ndiyo maana katika majengo ya ghorofa huwekwa milango maalumu ya kuzuia moto. Mlango wa namna hiyo ni mzito, na hutengenezwa uhimili moto kwa muda maalumu, kwa mfano dakika 30 au 60. Pembeni huwa na utepe unaovimba ukipata joto kali na kuziba nafasi kati ya mlango na fremu. Juu yake huwa na mkono wa chuma wenye springi, au bawaba zenye springi, ili mtu akipita mlango ujifunge wenyewe. Mtu anayekimbia moto hakumbuki kufunga mlango, hivyo mlango unamkumbukia.

MLANGO ULIOBAKI WAZI

Tarehe 9 Januari 2022, katika eneo la Bronx, jijini New York, Marekani, moto ulizuka kwenye jengo la ghorofa 19. Wapangaji wengi walikuwa familia za Kiafrika, hasa wenye asili ya Gambia. Ilikuwa majira ya baridi, na chanzo kilikuwa hita ya umeme ya kupashia chumba joto. Moto wenyewe haukusambaa mbali zaidi ya nyumba ile na ukumbi wa mbele yake. Lakini mlango wa nyumba ile, uliopaswa kujifunga, ulibaki wazi wenyeji walipokimbia. Moshi ukapanda kwa ngazi hadi ghorofa za juu. Watu 17 walikufa, 8 kati yao watoto, na wote waliuawa na moshi.

Kwa nini mlango wa kujifunga ushindwe kujifunga? Sababu ni ndogo ndogo. Bawaba zimelegea na mlango unaburuta sakafuni. Springi imechoka, au mafuta ya mkono wa chuma yamevuja. Ulimi wa kitasa haulengi tena tundu lake. Mbao zimevimba kwa unyevu. Mtu ameweka zulia nene. Na mara nyingi mpangaji mwenyewe amekinga mlango kwa jiwe au ndoo, kwa kuwa unapiga kelele au anataka hewa ipite.

Wewe uliye na mtoto aliyepanga ghorofani, ukienda kumsalimia jaribu hivi: fungua mlango wa ngazi nusu, uachie, kisha ufungue kabisa, uachie. Mara zote mbili unatakiwa ujifunge mpaka kitasa kilie. Usipofanya hivyo, mtoto amwambie mwenye nyumba autengeneze. Na kama una jiwe la kuukinga, liondoe siku hiyo hiyo.

MLANGO ULIOKATAA KUFUNGUKA

Kwetu Afrika Mashariki tumelia zaidi kwa ajili ya mlango uliofungwa. Mwezi Machi 1998 wasichana 26 walikufa bwenini katika shule ya Bombolulu, Pwani ya Kenya; mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Hapa Tanzania hatujasahau Shauritanga, Rombo, ambako wasichana 42 walikufa Juni 1994, wala Idodi, Iringa, ambako wasichana 12 walikufa Agosti 2009.

Na tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso jijini Johannesburg liliungua. Watu zaidi ya 70 walikufa, wakiwemo Wamalawi na Watanzania. Wengi waliokimbia walikuta mageti yamefungwa.

Mwaka 2008 Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Unasema mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5, ufunguke kwa nje, na usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Uwepo mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, na madirisha yasiwe na nondo. Mzazi yeyote anaweza kupima hayo kwa macho siku ya kumpeleka mtoto shule. Uliza bila kuona haya: “Mwalimu, usiku ufunguo unakaa kwa nani?” Kama jibu ni “kwa mlinzi, naye yuko getini”, lipeleke jambo hilo kwenye kikao cha wazazi. Tunaelewa kwamba walimu hufunga ili kuzuia wezi na utoro. Lakini mwizi huchukua godoro. Moto huchukua mtoto.

NYUMBANI KWETU

Sasa turudi Kisiba. Katika nyumba nyingi za kwetu hakuna dari, na kuta za vyumba haziziki hadi kwenye bati. Moshi hupita juu ya kuta, hata kama mlango wa chumba umefungwa. Hivyo kwetu usalama mkubwa ni kutoka haraka. Zingatieni haya:

1. Usiwafungie watoto kwa nje unapokwenda shamba au sokoni. Waache kwa jirani au bibi yao.

2. Usiku ufunguo ukae mahali pamoja karibu na mlango, ambapo hata mtoto wa miaka saba anaufikia gizani.

3. Kama madirisha yote yana nondo, mwite fundi aweke bawaba na komeo la ndani kwenye dirisha moja.

4. Msiegeshe pikipiki, magunia wala dumu la petroli mlangoni.

5. Baridi ya Juni na Julai ni kali, lakini jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Mkaa hutoa sumu ile ile ya moshi, hata usipoona moshi wowote.

6. Moto ukizuka, tokeni mkiwa mmeinama, kwa kuwa hewa safi iko chini. Anayetoka mwisho avute mlango nyuma yake. Msirudi kuchukua vitu. Namba ya Zimamoto ni 114.

7. Mlango ukiwa wa moto unapougusa kwa mgongo wa mkono, usiufungue. Ziba chini kwa nguo mbichi, nenda dirishani, piga kelele.

AKIISHA KUUNGUA

Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla mwili haujavimba. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Wodini tunalazimika kuvisugua vitoke, na mgonjwa huumia mara ya pili. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, mlete hospitali. Aliyevuta moshi mwenye masizi puani, sauti iliyokauka au kikohozi aletwe mara moja, hata kama ngozi yake haina jeraha. Koo lake linaweza kuvimba na kuziba baada ya saa chache.

Leo jioni, kabla ya kulala, baba au mama aulize nyumba nzima: “Moto ukituamsha usiku, tunatokea wapi, na ufunguo uko wapi?” Kila mtoto ajibu. Kisha taa izimwe, na mmoja wao ajaribu kuufungua mlango gizani.