Kumbe Dokta Hachati, Yuko Darasani!

Leo mwenzenu naanza kwa kujiumbua mwenyewe.

Wiki iliyopita jino la nyuma lilinikorofisha. Chai ya moto, kelele. Soda ya baridi, machozi. Nikaona isiwe taabu, nikaenda kliniki moja ya meno hapa Kibaoni, Ifakara, waling'oe tuachane nalo. Mvua inamwagika, umeme umekatika, benchi tupu. Ndani namkuta tabibu, mama wa makamo, kainamia simu mpaka hasikii hodi!

Roho ikaniuma. Watu tunaumwa, wenzetu wanachati!

"Shikamoo mama. Naona WhatsApp imenoga," nikamchokoza.

"Marahaba mwanangu. Njoo uione hiyo WhatsApp yenyewe."

Kuchungulia, nikaishiwa pozi. Picha za meno, maelezo, na maswali ya kujibu mwishoni. Kumbe mama yuko darasani! Mvua ikizuia wagonjwa, ananunua bando anasoma somo moja. Baraza la Madaktari Tanganyika linataka wataalamu wajiendeleze, na kufuata semina Morogoro mjini ni nauli, malazi, na chumba kubaki kimefungwa.

Somo la siku hiyo? Kuziba jino bila umeme! Uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, shimo linazibwa kwa saruji maalumu yenye floridi. Tena njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mwaka 1994. Mali yetu, halafu sisi kazi yetu kung'oa tu!

"Chuoni nilifundishwa," akasema, "ila mkono ulishazoea koleo. Simu haifundishi mkono, mwanangu, inaukumbusha."

Akanikalisha karibu na dirisha, akachungulia. Shimo halijafika kwenye mshipa. "Sasa uling'oe la nini?"

Hakuna sindano, hakuna mashine ya kulia ziii! Muda si mrefu nikatoka na jino langu mdomoni.

Njiani nikajiuliza: mama yule na mvi zake bando lake linaokoa meno ya watu. Mimi niliyetupa daftari baada ya kidato cha nne, langu linaishia kwenye vichekesho. Nani hasa alikuwa anachati?

Na wewe je, bando lako la jana liliishia wapi? Tuonane wiki ijayo!