Wazo Haliui: Riwaya ya Kijana Anayemuuguza Mama Yake

Leo tunazungumzia kitabu cha vijana, kwa sababu kinagusa jambo ambalo wengi wanalo moyoni na hawalisemi.

Jambo lenyewe ni hili. Una mgonjwa nyumbani, labda mama, baba au bibi. Umemuuguza miezi mingi. Unachota maji, unapika uji, unamgeuza kitandani, usiku hulali. Siku moja, ukiwa umechoka kabisa, wazo linakupitia: laiti haya yangekwisha. Kisha mgonjwa anafariki. Tangu siku hiyo unajiona kama wewe ndiye uliyemuua.

Kitabu kinaitwa A Monster Calls, yaani zimwi linaita. Kiliandikwa na Patrick Ness na kutoka Uingereza mwaka 2011. Mhusika wake mkuu ni Conor, mvulana wa miaka 13. Anaishi na mama yake tu, maana baba alihamia Marekani na kuoa mke mwingine. Mama ana saratani. Kila dawa mpya inaleta matumaini, kisha inashindwa. Shuleni walimu wanamhurumia, wenzake wanamkwepa. Akiulizwa hali yake, Conor anasema hana tatizo.

Usiku mmoja, saa sita na dakika saba, mti mkubwa wa makaburini karibu na kwao unageuka zimwi na kuja dirishani. Linamwambia litamsimulia hadithi tatu. Ya nne ataisimulia Conor mwenyewe, na lazima iwe kweli anayoificha.

Kweli hiyo imo katika ndoto mbaya inayomrudia. Mama ananing'inia kwenye genge, Conor amemshika mikono, kisha mama anaanguka. Mwishowe Conor anakiri kwamba alimwachilia. Si kwamba hampendi. Alishindwa kuvumilia kungoja kila siku msiba anaojua utafika.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi hili linamjua Conor, wala halikuja kumla. Linamweleza kwamba moyo wa mtu unaweza kubeba mambo mawili yanayopingana: kutaka mama apone, na kutaka maumivu yaishe. Yote mawili ni kweli. Wazo la mtu aliyechoka haliui mgonjwa. Kinachoua ni ugonjwa.

Baada ya kusema hayo, Conor anaweza kwenda hospitali, kumshika mama yake na kumwambia wazi kwamba hataki aondoke. Mama haponi. Nafasi ya pili katika kitabu hiki si muujiza. Ni mtoto kumuaga mama yake bila uongo kati yao, na kuanza maisha mapya na bibi ambaye mwanzoni hawakupatana.

Kitabu chenyewe nacho kilipata nafasi ya pili. Wazo lake lilikuwa la mwandishi Siobhan Dowd, ambaye naye aliugua saratani ya matiti. Alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 47, akiwa ameacha wahusika na mwanzo wa hadithi tu. Ness akaombwa aiandike. Mwaka 2012 kikapata tuzo mbili kubwa za Uingereza za vitabu vya watoto na vijana, moja kwa maandishi yake na nyingine kwa michoro ya Jim Kay.

Msikilizaji, huenda wewe hukupata hata hiyo nafasi ya kushika mkono. Huenda uliyempenda alibaki njiani, na wewe ukatembea mbele kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya. Kweli yako bado inaweza kusemwa. Chagua mtu mmoja unayemwamini, awe shangazi, rafiki, mchungaji au shehe, umwambie kama ilivyokuwa.

Na wewe mzazi au mlezi, kijana akikuambia alitamani mgonjwa aondoke, usimkemee, wala usimwambie ajikaze. Msikilize mpaka amalize. Kisha mwambie kwamba alichoka, hakuua. Akiwa halali, hali chakula, au anasema hataki kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini Conor aliona ni rahisi kusema hana tatizo?

2. Katika mtaa wenu, nani anamsaidia kijana anayeuguza, ili naye apate usiku mmoja wa kulala?

3. Kuna neno gani ungependa kumwambia mtu uliyempoteza? Unaweza kulisema leo, au kuliandika.