Je, Wajua? Mbegu za Alizeti Zisizoota

Je, wajua kwamba Oktoba 2010 sakafu ya ukumbi mkubwa wa Tate Modern, jumba la sanaa jijini London, ilitandazwa mbegu milioni 100 za alizeti, na hakuna hata moja ambayo ingeota? Zote zilikuwa za kauri. Zilikuwa na uzito wa tani 150 hivi, kina chake sentimita 10, na kwa mbali ungedhani ni kokoto za kijivu. Mwenye maonyesho alikuwa msanii wa China, Ai Weiwei.

Je, wajua kwamba kila mbegu ilichorwa kwa mkono? Kazi ilifanyika Jingdezhen, mji ambao kwa karne nyingi ulitengeneza vyombo vya kauri vya ikulu ya wafalme wa China. Jiwe lilisagwa likawa tope, tope likaingia kwenye kalibu, mbegu zikachomwa kwenye joko lenye joto la nyuzi 1,300, ndipo zikafika kwa wachoraji. Mkono mmoja unashika mbegu kwa ncha za vidole, wa pili unapitisha brashi yenye rangi nyeusi: mstari, mstari, mstari, basi, inawekwa kando, inachukuliwa nyingine. Wapo waliozibeba nyumbani na kuzichora huko huko. Watu wapatao 1,600, miaka 2 na nusu. Gawanya mwenyewe: kila mmoja anaangukiwa na mbegu 62,500. Maonyesho yalibeba jina la mtu mmoja, lakini mimi kila nikiziona picha za maonyesho hayo naitafuta ile mikono.

Kwa nini alizeti? Enzi za Mao Zedong, mabango yalimchora kiongozi huyo kama jua, na wananchi kama alizeti zinazomgeukia. Tena katika miaka hiyo ya shida, mbegu za alizeti zilikuwa kitafunwa ambacho hata maskini aliweza kumgawia rafiki. Ai aliijua shida hiyo: baba yake, mshairi Ai Qing, alipelekwa uhamishoni na kulazimishwa kusafisha vyoo.

Je, wajua kwamba wageni waliruhusiwa kuzikanyaga kwa siku chache tu? Nyayo zilizisaga, vumbi la kauri likapanda, na vumbi hilo likivutwa kwa muda mrefu lina madhara. Ukumbi ukazungushiwa kamba. Aprili 2011, maonyesho yakiwa bado wazi, Ai alikamatwa uwanja wa ndege wa Beijing akazuiliwa siku 81. Tate Modern iliandika juu ya jengo lake, kwa herufi kubwa, ikitaka aachiwe.

Sasa turudi kwenye neno kauri lenyewe, kwa sababu hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Kwa Kiswahili, kauri ni chombo cha Kichina, na kauri ni yule simbi wa pwani mwenye mgongo unaong'aa. Waitalia nao walifananisha hivyo hivyo: jina lao la vyombo hivi, porcellana, lilikuwa kwanza la simbi. Watu wa lugha mbili tofauti waliugusa mng'ao uleule wakakumbuka kiumbe kilekile cha bahari. Na udongo mweupe wa kazi hii, kaolini, ambao hata vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam vinao kwa wingi, umepewa jina la Gaoling, mahali palipo jirani na Jingdezhen.

Kauri za China zilifika kwetu mapema mno. Gedi, kusini mwa Malindi, kuna nyumba inayotambulishwa kwa bakuli la kauri lililofukuliwa humo. Wazee wa pwani hawakuviweka vyombo hivi kabatini tu. Walivipachika kwenye kuta za makaburi, vikaelekea nje. Nenda Kunduchi, Dar es Salaam, tazama makaburi yenye nguzo. Mabakuli mengi yameng'olewa, lakini chokaa imebaki na vishimo vya duara, laini ndani, na kiganja chako kinaingia vizuri pale sahani ilipokaa.