Je, Wajua? Mshale wa Sumu wa Yaeda Hubebwa Ukiwa Umevikwa Ngozi

Mshale wa sumu wa Wahadzabe, unaotengenezwa na kubebwa hadi leo katika nyanda za Yaeda Chini na Mongo wa Mono wilayani Mbulu, ni silaha nyepesi ya mti, manyoya na kipande cha msumari, lakini una uwezo wa kumwangusha pundamilia au tandala aliyekomaa, na jeraha lake dogo tu linaweza kuyakatiza maisha ya binadamu. Kwa sababu hiyo haitoshi kuueleza kama chombo cha kuwindia. Ni lazima aelezwe pia mtu anayeubeba, umri wake, malezi aliyoyapitia na kanuni zinazomwongoza, maana hayo ndiyo yanayouwezesha kukaa katika kambi yenye watoto wadogo bila kabati la chuma wala kufuli.

Wahadzabe ni jamii ya watu wapatao elfu moja na mia chache, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, wengine upande wa Mbulu na wengine upande wa Karatu, na ni sehemu yao tu ambayo bado inapata riziki yake kubwa kutokana na nyama ya porini, asali, matunda na mizizi inayochimbwa na wanawake. Lugha yao, yenye sauti za vidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa kubana ulimi na kuuachia ghafla, haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Majirani zao ni Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji wa nyanda za juu za Mbulu, na Wadatoga, ambao tawi lao la Wabarabaig hulisha ng'ombe katika tambarare zinazouzunguka Mlima Hanang. Kila jamii kati ya hizo ina silaha zake na adabu yake ya kuzibeba, na katika Hanang silaha inayojulikana zaidi ni mkuki, ambao George Klima, aliyeandika kuhusu Wabarabaig kitabu kilichochapishwa mwaka 1970, alionyesha kuwa uliwapatia vijana waliomuua simba au tembo heshima kubwa na zawadi za ng'ombe. Mkuki wa namna hiyo ulikuwa cheo. Mshale wa Yaeda ni wa kila mwanamume mzima, na tofauti hiyo ina uzito wake, kama itakavyoonekana.

Upinde wa Mhadzabe hukaribia kimo cha mtu mzima au hukizidi, na huchongwa kutoka katika miti migumu inayonyumbuka, ikiwemo ya jamii ya mkole, kisha hufungwa upote, yaani kamba ya upinde, uliosokotwa kwa kano za mnyama. Kuuvuta hadi mwisho kwahitaji nguvu inayolingana na kuinua mzigo wa takribani kilo 30, na pinde nyingine ni ngumu zaidi ya hapo, kiasi kwamba kijana asiyezoea hawezi kuuvuta wote na kuutuliza huku akilenga. Mishale nayo ni ya aina kadhaa. Ipo ya mti mtupu uliochongwa ncha, ambayo ni ya ndege na wanyama wadogo kama pimbi. Ipo yenye bapa la chuma lisilo na sumu. Na ipo ile ya sumu, ambayo kigumba chake, yaani ncha ya chuma yenye miiba inayorudi nyuma ili isichomoke, hupachikwa kwenye kijiti kifupi kinachochomekwa katika uti wa mshale. Mnyama anapokimbia, uti hudondoka na kijiti hubaki mwilini pamoja na sumu yake. Chuma hicho zamani kilipatikana kwa kubadilishana na wahunzi wa Kidatoga, na siku hizi mara nyingi huwa ni msumari wa kawaida wa dukani, unaogongwa ukiwa baridi juu ya jiwe mpaka ukawa bapa. Manyoya ya mkiani mwa mshale ni ya kanga au ya tai.

Nguvu ya silaha hii haimo katika mwendo wake. Risasi ya bastola ya milimita 9, ambayo ndiyo kipimo kilichoenea zaidi duniani, hutoka mdomoni mwa mtutu ikiwa na nishati ya takribani jouli 500, ilhali mshale uliotupwa kwa upinde wa mti hubeba makumi tu ya jouli, na mara nyingi hautoshi kumsimamisha mnyama mkubwa palepale alipopigwa. Kinachoua ni kemia. Wahadzabe hutumia hasa mimea miwili: wa kwanza ni Adenium obesum, wenye shina nene lililovimba na maua mekundu ya waridi, ambao wakazi wa mijini huupanda vyunguni kama pambo bila kujua ukoo wake na uwindaji, wa pili ni Strophanthus eminii, ambao sumu yake imo katika mbegu. Utomvu wa mmea wa kwanza huchemshwa kwa muda mrefu hadi ukabaki ulimbo mweusi mzito, unaopakwa nyuma ya ncha ya kigumba.

Ndani ya ulimbo huo mna kundi la kemikali zinazoitwa glikosidi za moyo. Kila seli ya mwili ina pampu ndogo sana katika utando wake, inayosukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, kazi isiyokoma usiku wala mchana, na iliyogunduliwa mwaka 1957 na mwanasayansi wa Denmark, Jens Skou, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Glikosidi huishika pampu hiyo na kuizuia. Sodiamu hujaa ndani ya seli za moyo, kalsiamu nayo hurundikana kwa kuwa njia yake ya kutokea huitegemea tofauti ya sodiamu, na msuli wa moyo, ambao hukazwa na kalsiamu, hukaza kupita kiasi, mapigo yake huvurugika, na hatimaye moyo husimama. Kwa dozi ndogo sana iliyopimwa, kemikali za kundi hilohilo zimewatibu watu wenye moyo dhaifu, na umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua ni mfupi mno.

Historia ya dawa hizo inagusa Afrika Mashariki moja kwa moja, na inatoa somo juu ya kubeba sumu bila malezi. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefuatana na David Livingstone katika msafara wa Zambezi ulioanza mwaka 1858, na ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alihifadhi sumu ya mishale ya mmea wa Strophanthus mahali pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni na mapigo ya moyo wake yakapungua. Kutokana na taarifa kama hiyo Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo na kuitenga kemikali iliyoitwa strofanthini. Daktari msomi alinusurika kwa bahati kosa ambalo kijana wa Yaeda hufundishwa kulikwepa kabla hajapewa mshale wenyewe.

Kanuni ya kwanza ya ubebaji ni ile inayoonekana kwa macho. Kigumba kilichopakwa sumu huviringishiwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, mara nyingi ya swala, kuanzia nyuma ya ncha hadi sumu inapoishia, na ukanda huo hufunguliwa pale tu mwindaji anapojiandaa kutupa. Ngozi hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huizuia sumu isikauke na kupukutika, na huzuia ngozi ya mtu isikutane nayo. Wanaofahamu bastola watatambua kuwa ukanda huo unashika nafasi ya ala inayokifunika kifyatulio, ambayo nayo ipo ili silaha isifanye kazi yake kabla mwenyewe hajaamua. Mishale hushikwa mkononi pamoja na upinde, hadharani, hivyo kila anayekutana na mwindaji njiani huona mara moja amebeba nini, na mishale mingapi kati ya aliyoshika imevikwa ngozi.

Kanuni ya pili ni ya umri. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo akiwa na miaka mitatu hivi, akatumia saa nyingi kila siku kulenga matunda, vigogo na vitu vilivyotupwa, pamoja na wenzake wa rika mbalimbali, bila mwalimu wa kuwasimamia kwa amri. Anapokua huanza kuleta ndege na wanyama wadogo kwa mishale ya mti. Upinde hukua pamoja naye, lakini sumu haikui pamoja naye. Hiyo humsubiri mpaka anapoukaribia utu uzima, akiwa amekwisha kutupa mishale isiyohesabika ambayo kosa lake halikumdhuru mtu. Mpango huo ni wa busara kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mkono hufunzwa kwanza, tabia hufuata, na uwezo wa kuua huja mwisho. Kijana akimuua mnyama mkubwa kwa mara ya kwanza, huingia katika kundi la wanaume wanaoruhusiwa kula epeme, yaani sehemu maalumu za nyama ambazo wanaume wazima pekee huzila kwa faragha, na hivyo jamii nzima hutambua kuwa sasa ni mtu mzima.

Kanuni ya tatu ni subira. Mwindaji akishampiga mnyama hamkimbizi. Hutazama alikoelekea, huondoka, na hurudi baada ya saa kadhaa, au hata kesho yake, pamoja na wenzake, kufuata damu na nyayo. Nyama iliyozunguka jeraha hukatwa na kutupwa, na iliyobaki hugawanywa kambini. Mwishoni mwa kiangazi, maji yanapopungua, wanaume huwinda pia usiku kando ya visima na madimbwi, na hapo huenda wawiliwawili, kwa kuwa simba na chui nao huyafuata maji hayo.

James Woodburn, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti wake kwa Wahadzabe mwaka 1958, alitoa hoja nzito katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu jamii za usawa: kwa kuwa kila mwanamume anayo silaha ya kuua, inayoweza kumpata hata mwenye nguvu akiwa usingizini, hakuna anayeweza kuwatawala wenzake kwa mabavu na akabaki salama. Alionyesha pia kuwa mishale ya sumu huchezewa kamari katika mchezo wa lukucuko, unaotumia vipande vya magome ya mti, hivyo huzunguka kutoka kwa mtu hadi mtu na kambi hadi kambi, ilhali upinde, mishale ya ndege na mfuko wa ngozi haviwekwi dau kamwe. Anayepoteza mishale yote ya sumu bado anabaki na nyenzo za kulisha watoto wake. Ugomvi unapozidi, dawa ya kwanza ni kuhama, na kwa watu wenye mali chache kuhama ni rahisi. Hoja ya Woodburn ni ya kweli kwa mahali pake, lakini haifai kuhamishiwa mjini na kutumiwa kudai kwamba silaha nyingi huleta amani, maana mji hauna mipaka ya kambi ambamo kila mmoja anamjua mwenzake tangu utotoni, wala mkazi wake hawezi kufunga mizigo jioni moja na kumwacha jirani mwenye chuki.

Ndiyo maana dola imelazimika kujenga kwa maandishi kile ambacho kambi ya Yaeda imekijenga kwa malezi. Mkazi wa Katesh, Dongobesh au Haydom anayetaka kununua bastola yake ya kwanza huongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayomtaka awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, na athibitishe kuwa ana ujuzi wa kuitumia na kuitunza silaha kabla ya kupewa leseni. Maombi yake hupitia ngazi za chini za uongozi, ambako watu wanaofahamu mwenendo wake, hasira zake na ulevi wake, kama upo, wana nafasi ya kusema. Upinde si silaha ya moto na hauhitaji leseni hiyo, ingawa matumizi yake dhidi ya wanyamapori yanabanwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Hata hivyo leseni huthibitisha siku moja ya maisha ya mtu, ilhali mwindaji wa Mongo wa Mono amethibitishwa kila siku kwa miaka zaidi ya kumi na macho ya watu walewale. Anayenunua bastola akiwa mtu mzima, bila kuwahi kushika silaha isiyo na madhara, ameanzia pale ambapo Mhadzabe anamalizia, na pengo hilo halizibwi na mafunzo ya juma moja. Linahitaji mazoezi ya kurudiwarudiwa, ala nzuri, na mkono uliozoea kutofika kwenye kifyatulio.

Wageni wanaokwenda Yaeda, wakiwemo Watanzania wanaozidi kuitembelea, mara nyingi huomba kushika mishale na kupiga nayo picha. Anayepewa mshale uliovikwa ngozi asiufungue, asiuguse ulimbo hata ukionekana umekauka, na asimpe mtoto. Akichomwa na kigumba chenye sumu, asipoteze muda kutafuta mitishamba, bali awahishwe hospitalini, na iliyo karibu na maeneo hayo ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, na aseme wazi kuwa ameumizwa na mshale wa sumu, kwa kuwa daktari atahitaji kuyafuatilia mapigo ya moyo wake tangu dakika ya kwanza.