Kazi mpya na macho yako
Ukiajiriwa na shirika dogo lisilo la kiserikali linaloshughulikia sera za teknolojia, huenda mkawa watu watano tu ofisini. Mgeni hushinda kwenye kompyuta akisoma miswada na sheria, kama ile ya Kulinda Data ya 2019. Jioni macho humchoma na kichwa humuuma. Anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache, nayo hukauka. Chai haitibu hilo! Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Wengi huficha maumivu wakihofia kuachishwa kazi wakingali katika kipindi cha majaribio. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mwaka, kwa mshahara kamili, mradi alete cheti cha daktari.