Nyumba ya Marehemu Yataka Hati

Matanga yakiisha, maneno ya nyumba huanza. Katika mtaa wetu tulimwona mjane mmoja ambaye machozi yake hayajakauka, naye shemeji yake amwuliza: « Funguo ziko wapi? Mali ya ukoo hurudi kwa ukoo. » Mjane alinyamaza, kwa maana hakuwa na karatasi hata moja mkononi. Hatutaki mwingine anyamaze hivyo.

Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyosahihishwa mwaka 2016, yasema wazi. Watoto wa marehemu, wa kike kwa wa kiume, ndio warithi wa kwanza. Kwa kawaida wapata robo tatu ya mali. Robo inayobaki ni ya mjane, ya wazazi wa marehemu na ya ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe. Basi shemeji ana fungu katika robo ile. Ruhusa ya kumfukuza mjane hana.

Lakini haki isiyo na hati ni jembe lisilo na mpini. Yapasa kutafuta nini?

Kwanza, hati ya kifo, itolewayo na ofisi ya Serikali inayoandika vizazi na vifo.

Pili, hati ya ndoa na hati za kuzaliwa watoto. Hapa Wakristo wengi hukosea. Cheti cha parokia chashuhudia Sakramenti, lakini mahakama hutaka ndoa iliyoandikwa na Serikali.

Tatu, maandiko ya mkutano wa jamaa, yenye sahihi za wote. Kama hakuna wosia, mkubwa wa warithi, au yule waliyemchagua, ndiye likidateri: ahesabu mali, alipe madeni, kisha agawe.

Nne, warithi waende mahakamani wapate hati ya kuwatambua. Ndipo wampelekee konsevateri wa viwanja hati hiyo pamoja na sertifika ya zamani, ili awaandikie mpya kwa majina yao. Hatua hii ya mwisho wengi huiacha, nayo ndiyo kubwa: kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, haki ya parseli huthibitishwa kwa sertifika tu. Nyumba ikibaki kwa jina la marehemu, mjanja aweza kuiuza kwa siri, na yatima wataingia katika mashauri ya miaka mingi.

Enyi akina baba, msingoje ugonjwa. Jioni ya leo fungueni sanduku, mwonyeshe wake zenu mahali hati zilipo. Na isiyokuwapo, kaitafuteni mngali na nguvu. Nanyi wanafunzi, wasomeeni wazazi maneno haya. Baba aliyejenga nyumba bila kuandaa hati zake ameacha kuta. Mlango bado hajautia.